Chozi

Panapoishia mabua ya mtama wa Kihwele
ndipo yanapoanza mawe.
Huko hakulimwi. Huko huenda mbuzi,
na mtu mwenye haja.

Leo mwenye haja ni mimi.
Nina kisu cha kumenyea viazi,
nina Gaitani mgongoni, mwaka na miezi minane,
meno kumi na mawili, nimeyahesabu kwa maumivu,
na bado hunirukia kama ndama aliyekata kamba.

"Usikate ule wa zahanati," kasema bibi yake.
"Ule wa kwenye ndoo, unaonyweshwa kila jioni,
umenona tu, hauna neno.
Panda Nyang'oro. Katafute ule wa mawe."

Basi nimepanda.
Agosti, upepo unakwangua.
Chini huko malori ya Dodoma yanahema kwenye kona,
moja baada ya jingine,
moshi wao haufiki hapa.

Na huu hapa mshubiri.
Si kijani. Rangi ya tofali lililoungua,
majani yamejikunja kwa ndani
kama vidole vya mtu anayeficha shilingi yake ya mwisho,
miiba pembeni, meno ya msumeno mkuukuu.
Umesimama kwenye ufa ambao kisu changu hakiingii.
Mvua ya mwisho ilikuwa Aprili.
Nimetafuta udongo unaoulisha,
nimepapasa kwa kidole;
sijauona.

Juu, kwenye kikonyo kirefu, maua
mekundu kama kaa la moto, yameinamisha vichwa.
Na ndege. Mdogo kama kidole gumba,
mdomo umepinda mfano wa sindano ya kushonea magunia,
anauchomeka uani, anautoa, anauchomeka,
hana habari na mimi.
Shuleni mwalimu Mgongolwa alituambia: huyu ni chozi.
Tukacheka, darasa zima. Chozi lenye mabawa!
Akatuacha tucheke, akafuta ubao.
Sasa namtazama anavyokunywa asali
kwenye mmea ule ule ambao chini yake
nimekuja kuchuma uchungu.

Kisu.
Jani moja, la chini, lililozeeka.
Linatoa maji ya manjano, taratibu, bila kelele.
Nimeonja kwanza. Mtu asimpe mwanawe asichokionja.
Ulimi umekufa hadi masikioni.

Mama yangu Konsolata naye alipaka.
Nasimuliwa: nililia siku tatu,
ya nne nikaomba uji, watu wakacheka.
Hadithi yote ndiyo hiyo, na huishia hapo kwenye uji.
Hakuna aliyenisimulia yeye, siku hizo tatu,
alilalia ubavu gani,
kifua kimejaa, kimekuwa jiwe,
na mtoto wa jirani akilia usiku
maziwa yanatoka yenyewe, yanalowesha shuka.
Ningemuuliza. Kaburi lake liko Migoli,
na kichwani pake waliupanda huu huu,
kwa kuwa haufi, walisema,
na mbuzi hawaugusi.

Gaitani ameamka.
Ananikwaruza mgongo, anajua anachotaka,
ananiita kwa jina ambalo hakuna mwingine ananiita.
Nilisema nitapaka hapa hapa, yaishe.
Kisha nikasema nyumbani.
Kisha nikakaa kwenye jiwe lililoshika jua,
nikafungua mbeleko, nikamleta mbele.

Amenyonya macho wazi, akimfuata ndege,
mguu mmoja ukipigapiga tumbo langu
kama mtu anayegonga mlango ulio wazi.
Titi la kushoto, halafu la kulia,
halafu la kushoto tena. Sikumzuia.
Utomvu kwenye kisu umekauka,
umekuwa kahawia, unang'aa kama kipande cha chupa.

Tumeshuka kivuli kikiwa kifupi bado.
Jani nimelifunga kwenye pindo la kanga,
pale ninapofungaga hela.
Miiba imepenya kitambaa.
Kila hatua ya pili, inanikumbusha.